Baiskeli Nyepesi Kuliko Zote Mchinga

Jumatatu, 28 Julai

Kuanzia leo mimi ni mwendesha baiskeli wa mashindano. Mke wangu Batuli bado hajaarifiwa rasmi.

Ilikuwa hivi. Jioni chama chetu cha ushirika kiliita mkutano uwanja wa shule. Nikajua ni yale yale ya korosho na magunia. Nikakaa nyuma kabisa, kama kawaida yangu. Mara katibu, Salome, akavuta turubai, na chini yake friza! Jeupe, jipya, bado limevaa nailoni. Akasema hiyo ndiyo zawadi ya mashindano ya baiskeli ya Nane Nane, kutoka Kitomanga mpaka hapa Mchinga. Mshindi mmoja, friza moja.

Nikasimama nilione vizuri. Mimi ni muuza samaki. Kila asubuhi nachukua samaki hapa pwani, nafunga tenga nyuma ya baiskeli, napeleka Kitomanga. Wasionunuliwa mpaka adhuhuri wanaanza kunuka, mimi naanza kushusha bei, na mwisho wanafaidi paka. Batuli naye anataka friza la kutengenezea barafu za kuuza tangu binti yetu Kidawa hajazaliwa. Nilimwahidi. Kidawa sasa yuko darasa la tatu. Kila tukipita mbele ya duka la vitu vya umeme mjini Lindi, Batuli husimama kuangalia dirishani na mimi huangalia nyaya za umeme.

Salome akakohoa, akaanza kusoma masharti. Watu wakabaki wametega masikio. Nikaona hapa ndipo pa kuwapiga bao. Wao wasikilize masharti, mimi nianze maandalizi! Nikachomoka kimya kimya.

Bashiru alibaki, mstari wa mbele, mdomo wazi. Bashiru ni mtani wangu wa kurithi. Babu yake alimtania babu yangu, baba yake akamtania baba yangu, na yeye kanipata mimi. Anabeba mkaa kwa baiskeli na ana mapaja kama vinu. Nyumba yake iko ng'ambo ya mikorosho, nguzo za umeme hazijafika. Sijui friza atalifanyia nini. Labda atatunzia kanzu ya Idi.


Jumanne, 29 Julai

Nimefanya utafiti. Nimetazama mashindano ya baiskeli ya Ulaya kwenye simu mpaka bando likakata. Siri nimeipata: uzito. Wazungu wale baiskeli zao hazina keria, hazina madigadi, hazina stendi, hazina hata kengele. Baiskeli yangu ina vyote hivyo, na dinamo juu, na taa isiyowaka.

Baiskeli mpya siwezi kununua. Lakini kupunguza ni bure. Nimefungua kila kinachofunguka na kukitundika kwenye mzani wangu wa samaki. Madigadi mawili: sawa na pono mmoja wa wastani. Stendi: vibua wanne. Keria peke yake, ile nzito niliyochomelewa na fundi Nikodemo ya kubebea tenga: kolekole mzima! Miaka yote hii nilikuwa nazunguka na kolekole wa chuma asiyeuzika.

Nilipopita kwa fundi Nikodemo kuazima spana, nilikuta foleni. Wanaume wa Mchinga nzima wamemzunguka wanataka keria zao ziongezwe vyuma. Nilicheka mpaka machozi. Nikodemo akaniuliza kama kweli nilihudhuria ule mkutano. Nikamjibu kwa heshima kwamba nilihudhuria sehemu iliyo muhimu.

Batuli kaniona uani nimezungukwa na vyuma. Kauliza samaki kesho nitawabeba na nini. Nimemwambia mwanariadha hafikirii samaki. Kasema basi na mwanariadha asifikirie chakula cha jioni.


Jumatano, 30 Julai

Ushindi wa kwanza!

Bashiru kapita asubuhi na magunia yake ya mkaa. Akaiona keria yangu imelala uani. Akashuka, akaikalia, akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba keria hii imefiwa na baiskeli yake, na yeye kama mtani ana haki ya kumchukua mjane. Kwetu mtani akishakalia kitu hubishi. Unaweza kukikomboa, au unakiacha, lakini kununa huruhusiwi. Ukinuna mji mzima utakucheka mpaka ukome.

Akasubiri niikomboe. Mimi moyoni nilikuwa nashangilia. Mpinzani wangu mwenyewe kaja kuomba uzito! Nikajitia unyonge, nikasema chukua tu, ndugu yangu, utani ni utani. Halafu nikamwongezea madigadi, stendi, dinamo na kengele. Na taa.

Bashiru akanigusa paji la uso. Akaniuliza kama nina homa. Kisha akafunga vyote juu ya mkaa, akaondoka anacheka peke yake. Cheka, baba. Kolekole, pono na vibua wanne umebeba.


Alhamisi, 31 Julai

Kazi bila keria ina changamoto zake. Leo nimebeba tenga la samaki mgongoni, nimelifunga kwa kanga mbili za Batuli. Maji ya samaki yalianza kushuka uti wa mgongo kabla sijaufikia msikiti. Nilipofika Kitomanga nilikuwa na paka watano nyuma, wengine nawafahamu, ni wa Mchinga.

Wateja walinusa tenga, halafu wakaninusa mimi, wakanunua kidogo sana. Kanga zimeharibika. Batuli kazishika kwa ncha za vidole viwili, kazitundika kwenye kamba, akasema kama tungekuwa na friza angezigandisha zisinuke. Hakucheka aliposema. Nimepata uchungu. Lazima nishinde.


Jumamosi, 2 Agosti

Leo Lindi, kutafuta tairi nyembamba. Ndizo wanazotumia wazungu. Nimezipata kwa muuza mitumba, jozi moja, bado nzuri. Nikamuuliza saizi, akasema ishirini na nane. Rimu zangu nazo ni ishirini na nane, imeandikwa pale pale kwenye chuma. Nilimpunja bei, na nilipogeuka nilijipongeza.

Nimefika nyumbani, tairi haliingii. Limeandikwa ishirini na nane, rimu imeandikwa ishirini na nane, na bado tairi ni dogo! Nikalichemsha kwenye sufuria lilainike. Nikalivuta kwa mchi wa kinu. Upande mmoja ukaingia, nikafurahi, nikavuta wa pili, mchi ukaniponyoka. Tairi likaruka juu ya ukuta, likatua kwa mama mkwe wangu, ambaye kaja kututembelea kutoka Pande na alikuwa amekaa anachambua mchele. Lilimwingia shingoni kama shada la bibi harusi.

Mama mkwe alilivua, akaliweka kando, akaendelea na mchele. Nikamwomba radhi. Akasema hakuna neno, mwanangu, ila safari ijayo utupe hodi kwanza.

Nikodemo kanieleza baadaye kwamba ishirini na nane ziko za aina nyingi, na kwamba hata yeye huchukua rimu dukani kujaribisha kabla ya kununua tairi. Asante sana, fundi, kwa kuniambia leo. Haidhuru. Nimechukua kisu cha kuparia magamba, nimenyoa tairi zangu mbili za zamani mpaka zikawa laini kabisa. Zimependeza. Zinang'aa kama kipara cha sheikh.


Jumapili, 3 Agosti

Nimegeuza usukani juu chini. Sasa mikono inashika kule chini, mgongo umelala, kichwa kimeinama, upepo wa kusi unapita juu. Nilijitazama kwenye kioo cha saluni nikipita. Mzungu mtupu.

Tatizo moja: sioni mbele. Naona tairi na lami kidogo. Asubuhi nimewapita wazee watatu barazani bila kuwaamkia, maana niliona miguu yao tu. Ilipofika adhuhuri habari zilikuwa zimeenea kwamba Abdulrahmani kavimba kichwa tangu aone friza, haamkii watu. Mzee mmoja alikuja mpaka nyumbani kuuliza kama tuna ugomvi.

Nimepata dawa. Kengele nilimpa Bashiru, kwa hiyo sasa ninapoendesha napiga kelele kila baada ya hatua chache: shikamooni! Kama kuna mzee, kaamkiwa. Kama hakuna, njia imesafishwa. Jioni nimejaribu njia nzima ya pwani. Nimeamkia wazee, wavuvi, mbuzi wawili na nguzo ya umeme. Nimeitikiwa marahaba nyingi sana. Watu wanasogea kabisa, tena kwa furaha. Kengele ni kitu cha kizamani.


Jumatatu, 4 Agosti

Sasa makalio. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Kiti cha baiskeli yangu nilikitoboa kwa keekee ya Nikodemo ili kiwe chepesi, matundu mengi mazuri, na sasa kinaniuma kila mahali.

Wazungu wana kaptula za kubana zenye mto ndani. Bei yake sitaitaja, nisije nikalia. Nina kaptula ya zamani ya mpira na nina uzi. Kilichokosekana ni mto.

Mama mkwe ana mto wa sufi. Mto mnono, kasafiri nao kutoka Pande, anasema hawezi kulalia kitu kingine. Nilichukua sufi kidogo. Halafu kidogo tena, ili pande zote mbili zilingane. Kwenye mto nikajaza nyuzi za makumbi ya nazi, nikaushona vizuri. Kwa nje hutofautishi.

Kaptula ni ya ajabu. Nimekaa juu ya kinu, sikusikia kitu. Kwa nyuma naonekana nimenenepa kidogo, lakini nikishakaa kitini, nani ataangalia.


Jumanne, 5 Agosti

Mama mkwe kaamka shingo imekaza. Anageuka mwili mzima ukimwita. Kasema hajui ni umri au ni hewa ya Mchinga. Nimemnunulia dawa ya kuchua, na nimemtazama kwa masikitiko mchana kutwa.


Jumatano, 6 Agosti

Baiskeli nimeipunguza mpaka basi. Kilichobaki ni mimi. Tangu Alhamisi sili ugali, sili wali, sili mihogo. Nakula papai na kunywa dafu. Leo nimekwenda soko la samaki, nikafunga mkanda kiunoni na kujitundika kwenye mzani mkubwa wa kupimia jodari. Watu waliacha kazi kuja kuangalia. Nimepungua sana, alhamdulillahi! Nilizunguka pale juu taratibu, nikipigwa na upepo, nikawaza friza.

Bashiru akapita. Akaniminya paja, akaninusa, akauliza fungu moja la dagaa hawa ni bei gani. Soko zima likaangua kicheko. Halafu yeye mwenyewe akasoma mzani, akasoma tena, akahesabu kwa vidole. Nilimwona kabisa kashtuka. Wivu huo!

Usiku Batuli kaniambia ana jambo la kunieleza kuhusu mashindano, kalisikia bombani. Nimemkatisha hapo hapo. Wanariadha wakubwa hawasikilizi maneno ya kuvunja moyo, nimeliona hilo kwenye simu. Kasema si maneno ya kuvunja moyo, ni sharti. Nimemwambia sharti ni kushinda. Kajaribu tena wakati nakula papai. Nikaziba masikio kwa sufi, maana ilibaki kidogo.

Kanitazama. Mimi naye tumekaa miaka kumi na moja, nayajua macho yake mengi, ila haya sikuyajua. Akajifunga kanga, akachukua ndoo, akasema anakwenda bombani. Alielekea njia ya mikoroshoni, ambako hakuna bomba. Akarudi na ndoo tupu, anaimba.


Alhamisi, 7 Agosti

Mambo ya mwisho. Kofia ngumu nimeipata bila gharama. Ile hotipoti kubwa iliyovunjika bawaba, ya harusi yetu, nimeikata ganda la nje. Ndani ina povu zito, inanikaa kichwani sawasawa, na maua ya waridi yako mbele. Kidawa kasema napendeza, halafu kauliza wali tutaweka wapi.

Pedali nimezitoboa. Mikono ya breki nimeitoboa. Kibomba cha kiti nimekitoboa mpaka ukipuliza unapata wimbo. Nimeipima baiskeli mara ya mwisho na mzani wangu hauna ubishi: hakuna baiskeli nyepesi kuliko hii Mchinga, na pengine mkoa mzima wa Lindi.

Nimempitia Bashiru kwake kumpeleleza. Masikini! Keria yangu kaichomelea kwa nguvu mpya, kaweka mto juu yake, na kamba pembeni. Mto! Anashindana au anahama? Nikamwuliza ya nini yote hayo. Akasema ni ya mgeni. Nikamtakia kila la heri kwa moyo safi kabisa, maana nilijua nimeshamshinda.

Batuli kanipikia wali wa nazi. Nimekataa. Kasema vizuri, usile, kesho ule upendavyo. Kisha kanipaka mafuta miguu na kusema yeye anataka friza, na kesho ataliona likiingia mlangoni. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ndiyo kwanza nimeona mke anayemwamini mumewe hivi. Nalala na furaha.


Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nieleze kwa utaratibu.

Kitomanga asubuhi ilikuwa imejaa. Ngoma, vumbi, vitumbua. Friza lilipandishwa kwenye pikipiki ya mizigo, lipelekwe Mchinga, mwisho wa mbio. Batuli alikuja na gari la wake wa wanachama, kavaa nguo ya Idi. Nikatokea na kaptula yangu, hotipoti yangu na baiskeli yangu inayopiga miluzi. Watu walishangilia sana. Niliwapungia mkono.

Salome akapita na karatasi ya majina. Akanitazama, akatazama nyuma ya baiskeli yangu, akaniuliza abiria wangu yuko wapi.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema sharti la kwanza, alilosoma siku ile ile ya mkutano: kila baiskeli ibebe mtu mzima mmoja, akae nyuma kwenye keria, tangu Kitomanga mpaka Mchinga, na miguu yake isiguse chini. Ni kumbukumbu ya wazee wetu, ambao kabla ya magari walibebana kwa baiskeli kwenda hospitali na harusini.

Nikageuka. Ndipo nikaona kile ambacho usukani wangu wa juu chini ulinizuia kuona asubuhi nzima. Nyuma ya kila mtu alikaa mtu. Sixbert, dereva wa trekta wa hapo Kitomanga, kambeba kaka yake mpiga filimbi. Mwingine kambeba shangazi na mwavuli wake. Keria zote zimechomelewa chuma juu ya chuma. Na mimi nyuma yangu pana kiti chenye matundu, basi.

Nilijaribu. Nikasema abiria wangu atakaa kwenye bomba la mbele. Salome akasema nyuma. Nikasema nitambeba mgongoni kwa kanga. Akasema keria. Nilimwona Batuli kasimama kando ya barabara, na friza linaondoka mbele yake kwenye pikipiki, na nikataka kufa. Kweli kabisa. Si kwa aibu. Nilikumbuka lile dirisha la duka Lindi.

Nikamwendea Bashiru. Nikamwambia nataka kuikomboa keria yangu, ataje anachotaka. Bashiru kakaa juu ya baiskeli yake kama sultani, nyuma kuna mto, juu ya mto hakuna mtu. Akasema keria haikomboleki tena, ameshaizoea. Ila, akasema, alipochukua keria alisahau kuchukua mzigo wake. Akanyoosha mkono, akaniwekea kiganja kwenye hotipoti. Mtani akisema kachukua, kachukua. Hubishi wala hununi. Mji mzima ulikuwa unasubiri ninune.

Nikamtazama Batuli. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu, na yale macho ya juzi. Hapo nikaelewa alikwenda kuchota nini mikoroshoni. Baadaye kaniambia Bashiru alitafuta abiria mwepesi wiki nzima, na kwamba pwani yote hii hakuna mwanaume mzima mwepesi kama mimi baada ya papai.

Nikapanda.

Sasa nisikilize, ewe shajara. Bashiru si mtu, ni trekta. Tulitoka mbele pamoja na Sixbert, kusi likitupiga usoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuinua miguu na kusoma dua. Kwenye kupanda kilima cha kwanza nikasikia kaptula inasema tss. Uzi! Keria ile, ambayo niliichomeleshea tenga la samaki, ina ncha moja kali kulia, naijua, na mto haukuifunika. Sufi ikaanza kutoka. Kidogo, halafu nyingi. Upepo wa mbele ukaichukua yote nyuma. Nikageuka nikamwona Sixbert, meta chache tu, mdomo wazi kwa kuhema, anaingiwa na mto wa mama mkwe wangu. Alikohoa. Kaka yake akapuliza filimbi ikatoa sufi. Wakayumba, wakaingia majanini salama salimini, wakakaa hapo wanapiga chafya.

Nilimwambia Bashiru akanyage. Akaniambia mizigo haisemi.

Tulipokaribia Mchinga barabara ilikuwa imefungwa na watu. Bashiru akapiga kengele yangu, haikusikika kwa ngoma. Basi nikavuta pumzi, nikafanya kile nilichokizoea wiki nzima. Shikamooni! Umati wote ukageuka, ukasema marahaba, ukasogea pande mbili. Tukapita katikati, mimi naamkia kushoto na kulia, sufi inashuka nyuma yetu nyeupe kama shela ya harusi. Na tukafika wa kwanza. Wa kwanza! Nililia. Bashiru akasema ni sufi imeniingia machoni, akanipangusa kwa kofia yake. Kisha akaniteremsha kwa mikono miwili kama gunia.

Sixbert alikuja kulalamika, kope zake nyeupe. Salome akapekua masharti. Yanakataza kumwagia mwenzio maji, mchanga na pilipili. Sufi haimo.

Halafu likaja suala la friza. Bashiru akatangaza mbele ya watu kwamba mzigo haupewi zawadi, friza ni lake. Watu wakacheka, mimi roho ikanitoka. Batuli, aliyekuwa ametangulia na gari, akajipenyeza, akapanda juu ya friza, akakaa, akakunja nguo yake ya Idi vizuri. Akasema mtani wa mume ni mtani wa mke, na yeye kalikalia. Kisha akamuuliza Bashiru, kwa sauti ya kusikika, umeme wake anautoa kwenye mkorosho gani.

Kumbe walishapatana tangu Jumatano. Friza linakaa kwetu penye umeme. Batuli anatengeneza barafu, Bashiru anazipeleka Kitomanga kwenye keria, wanagawana. Samaki wangu wamepewa kona ya chini, kushoto, kwa masharti kwamba nisifungue fungue. Wanaume wanne walilibeba mpaka nyumbani, Batuli akiwa bado amekaa juu yake, hataki kushuka, anapunga mkono. Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yetu. Tuliwahi swala ya Ijumaa, mimi kwa kusimama tu, kukaa nilishindwa.


Jumamosi, 9 Agosti

Mama mkwe alikuwepo pale mbio zilipoishia. Aliokota kipande cha sufi kilichotua begani mwake, akakisugua kwa vidole, akakinusa. Akaigeuza shingo yake mbovu, mwili mzima, mpaka akaniona.

Leo asubuhi kaniletea mto wake mezani na kisu. Akaniomba, mwanangu, niufungue nimwonyeshe kilichomo, maana wiki nzima anaota anapanda mnazi. Nimeufungua. Tukayatazama makumbi pamoja. Nikasema Mungu ni mkubwa. Akasema ndiyo, na mti wa msufi nao ni mkubwa, uko Pande nyuma ya nyumba yake, na mtu akitoka sasa hivi atawahi kurudi na sufi mpya kabla ya usiku.

Pande si jirani. Nimekwenda na kurudi kwa magari ya watu, gunia la sufi mapajani, napiga chafya. Nimerudi nimechoka taabani. Batuli kanipa barafu ya ukwaju, ya kwanza kabisa kutoka friza letu. Ilinigandisha meno. Mama mkwe naye kapewa, kaishika shingoni kwanza, halafu kaila. Kasema kwa barafu hii amenisamehe nusu.


Jumapili, 17 Agosti

Wiki nzima ya raha. Barafu zinakwisha kabla ya adhuhuri. Bashiru anapita alfajiri, ananiita mzigo wangu, anachukua boksi. Samaki hawanuki. Paka wamenuna.

Nimekaa nikatafakari yote yaliyotokea, na nimepata somo. Watu wanasema tulishinda kwa mapaja ya Bashiru na akili ya Batuli. Sipingi, wana haki ya kusema. Lakini nani aliyekuwa mwepesi? Ni mimi. Nadharia yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo: uzito ndio kila kitu.

Leo jioni ushirika umeita mkutano tena, mara hii pwani. Baada ya Maulidi kutakuwa na mashindano ya mitumbwi. Zawadi ni televisheni kubwa. Niliona macho ya Batuli yalivyoiangalia. Salome akafungua karatasi, akaanza kusoma masharti. Wote wakabaki wametega masikio, Bashiru mstari wa mbele.

Mimi niko kwangu tayari. Mtumbwi nimeazima kwa Yasini, mvuvi jirani, mtu mwema, hakuuliza mengi. Ni mzuri ila umejaa mbao nene zisizo na kazi yoyote. Keekee ya Nikodemo bado ninayo.

Nimeanza na matundu machache tu. Nimeyatoboa upande wa chini, wapinzani wasiyaone.